Ujira wa Mlezi na Mapenzi kwa Mtoto

Swali la kama malezi yatokayo moyoni yanaweza kulipiwa ujira bila kushushwa hadhi huonekana kuwa la wanafalsafa, lakini katika milima ya Usambara, ambako wasichana wengi huteremka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ili wakapande mabasi ya Tanga au Dar es Salaam na kwenda kulea watoto wa watu, jibu lake ndilo linaloamua saa ya kulala, siku ya mapumziko na kiasi cha mshahara. Msichana huyo huitwa “dada” tangu siku anapofika, na jina hilo, pamoja na heshima iliyomo, mara nyingi huyafunga masharti ya kazi yasisemwe, kwa kuwa ndugu hahesabiani saa na nduguye.

Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, wawe Waislamu au Wakristo, wanayo hoja ya kulijibu jambo hili katika vitabu vyao. Kitabu cha Kutoka kinaeleza kwamba binti Farao alimwajiri, bila kumjua, mama mzazi wa Musa amnyonyeshe mtoto kwa mshahara. Hakuna yaya aliyewahi kumpenda mtoto kuliko huyo, na bado alilipwa. Surat Talaq, aya ya 6, inampa mama aliyetalikiwa haki ya ujira anapomnyonyesha mtoto wake mwenyewe, tena inawataka wazazi washauriane kwa wema. Kwa hiyo mapenzi, hata yawe ya mama, hayafuti deni. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, huuita mkataba wa kazi kwa malipo ijara, na hushurutisha kazi na ujira vijulikane mapema.

Vijulikane kwa nani? Hapo ndipo penye dhuluma, kwa sababu maneno mara nyingi huzungumzwa na shangazi au jirani, naye msichana akaelezwa siku ya safari tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa mwenyewe maelezo ya kazi kwa maandishi, na asiyeyaelewa afafanuliwe kwa namna anayoifahamu. Anayepaswa kuketi na mwenye nyumba, kabla basi halijaondoka, ni yeye atakayeamka usiku mtoto akilia, ili aulize kama kesho yake atapata saa ya kulala.