Je, Mapatano Peke Yake Yatosha Kufanya Haki?

Mume na mke wanapotengana baada ya miaka mingi ya ndoa, wazee wa pande mbili huketi, vitu huhesabiwa, kisha huandikwa karatasi. Mume atia sahihi, mke atia kidole, na watu husema: “Wamepatana, shauri limekwisha.” Lakini dhamiri ya Mkristu yauliza neno lingine: je, walilopatana ni haki?

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja. Waamini wanaogawana mali hawafungui kwa hiyo kifungo cha Sakramenti yao. Kifungo hicho chabaki, ijapokuwa hawakai tena chini ya paa moja. Kanisa lajua kwamba pengine kutengana hakuepukiki, na kanuni ya 1154 yaagiza watoto wapewe matunzo na malezi yao. Tena Katekisimu ya mwaka 1992, katika fungu la 2383, yakubali kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa, ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki za mtu, watoto au urithi. Kugawana, basi, si dhambi. Dhambi yaweza kuingia katika namna ya kugawana.

Ichukuliwe hali ambayo wazee wa Rutshuru huifahamu. Mume aliajiriwa na kampuni. Mke alilima maharagwe, alipalia mibuni, alichota maji, alilea watoto. Kila mwezi sehemu 5 katika 100 za mshahara wa mume zilikatwa na kupelekwa katika kasha la akiba ya wafanyakazi, liitwalo CNSS, na mwajiri akaongeza nyingine 5, kusudi apate pensheni atakapofikia miaka 60. Siku ya kutengana mume asema: “Pensheni ni yangu, jina lililoandikwa ni langu. Shamba ni la ukoo wetu. Mke na achukue sufuria zake na mbuzi wawili.”

Jina ni lake, kweli. Lakini mshahara ule uliwezaje kukatwa kila mwezi, na nyumba isife njaa? Ni kwa sababu chakula hakikununuliwa. Kilitoka katika jembe la mke. Mmoja alileta fedha, mwingine alizuia fedha isitoke, na akiba ikazaliwa na kazi hizo mbili. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yaona vivyo hivyo: wanandoa wasiochagua utaratibu mwingine wa mali, walichokichuma pamoja ni cha wote wawili. Wasioandikisha ndoa yao kwa ofisa wa serikali hupata taabu kuidai haki hiyo, lakini amri ya saba haiulizi karatasi.

Na shamba? Tangu sheria ya 1973 udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na ukoo hutumia tu. Hata hivyo si neno jema kuwanyang'anya wazee ardhi ya baba zao. Ila mbuni hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri, na aliyeupalia miaka hiyo yote bila kupata faranga hata moja astahili kulipwa jasho lake, udongo uwe wa nani.

Wengine hujibu: “Lakini mke alikubali mwenyewe.” Hapa ndipo shina la shauri. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alisema juu ya mfanyakazi na tajiri wake kwamba juu ya mapatano ipo haki ya asili. Na mtu akubaliye masharti mabaya kwa kuogopa mabaya zaidi ameonewa, ijapokuwa alisema ndiyo. Neno hilo lamfaa sana mke aliyeketi kati ya wazee. Kaka zake waogopa kudaiwa ng'ombe wa mahari. Hana chumba pa kulaza watoto. Vita vimewahamisha watu wa Rutshuru mara nyingi, na vyeti vingi vimepotea njiani. Atakubali lolote. Tena mara nyingi hajui kasha lina kiasi gani, na mume ajua, anyamaza. Kunyamaza huko ni wizi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa. (Na mke aliyeficha fedha zake za likelemba asijidhani kuwa mtakatifu.)

Na ikiwa mke ndiye aliyevunja uaminifu? Kosa hilo ni zito, nalo lina mahali pake katika kiti cha maungamo. Lakini halimpi mume ruhusa ya kula kazi ya miaka ishirini.

Basi wazee waanze kwa kuuliza: ni nini kilichopo, hata kisichoonekana? Pensheni italipwa kwa mume peke yake, naye aweza kuahidi mbele ya mashahidi kwamba atamtolea mke sehemu kila ilipwapo. Lakini akifa, ahadi yafa naye, kwani aliyeachwa kwa hukumu ya korti hahesabiwi mjane. Kwa hiyo ni afadhali thamani ya sehemu ile ikadiriwe mapema, mke apewe leo kitu kinachoshikika: vyumba viwili vya nyumba, ng'ombe, au mavuno ya kahawa ya miaka kadhaa, na karatasi isomwe kwa sauti katika lugha aijuayo kabla hajatia kidole.