Goti la Nani?

Tarehe 20 Oktoba 1968, wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Waliofika mwisho walikuwa 57. Miongoni mwa walioishia njiani alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Roma mwaka 1960, alikokimbia miguu mitupu, na wa Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Safari hii mguu ulikuwa mbovu. Alipofika karibu na kilomita ya 17, akatoka barabarani.

Mbele kidogo ya hapo, Mtanzania John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aligongana na wenzake waliokuwa wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, mara akitembea. Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake Bikila, alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, watazamaji wengi wameshaondoka, bandeji imelegea mguuni. Alikuwa wa 57 kati ya 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia. Linasikika kwenye semina za uongozi, kwenye mahubiri, kwenye hotuba za mahafali, na karibu kila mara linabeba fundisho lilelile: ukianza jambo, usiliache. Bikila hatajwi kabisa. Ni kama siku ile hakukuwa na mtu mwingine aliyeumwa mguu, mwenye medali mbili za dhahabu nyumbani, aliyepima mambo akaona basi. Wala hakuna anayethubutu kusema kwamba Bikila alikuwa mwoga. Kwa hiyo ama mmoja wao alikosea, ama ustahimilivu si jambo jema kwa sababu tu ni ustahimilivu, na wema wake unatoka mahali pengine.

Swali hili ni la zamani kuliko Olimpiki za kisasa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, watu walioishi jirani na michezo ya Isthmia, alizitumia mbio kuwa mfano wa imani, na wahubiri hawajauacha mfano huo tangu hapo. Lakini waliokaa wakaufikiri ustahimilivu kwa makini hawakuusifu ovyo. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliuweka udumifu katikati ya maovu mawili. Upande mmoja kuna ulegevu wa anayeacha mara jambo linapokuwa gumu. Upande wa pili kuna ukaidi wa anayeng'ang'ania kupita inavyostahili, na chimbuko la ukaidi huo, kwa maoni yake, ni majivuno: mtu hataki aonekane ameshindwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Katika sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu subira na shukrani, aliigawa subira kama wanasheria wanavyogawa matendo: ipo ya faradhi, ipo ya sunna, ipo ya makuruhu, na ipo ya haramu. Wengi waliolelewa wakiambiwa kwamba subira ni ufunguo wa faraja hushtuka wakisikia kwamba kuna subira ya haramu. Mfano alioutoa ni wa mtu anayekatwa mkono, au mwanawe anakatwa mkono, naye ananyamaza akivumilia. Mfano huo una watu wawili ndani yake, na huyo wa pili, mtoto, hakuulizwa.

Wala jambo hili halikubaki vitabuni. Saumu ya Ramadhani ni ustahimilivu wa mwezi mzima, na mlango wa kutokea umo ndani ya sheria yake yenyewe. Mgonjwa hufungua, msafiri hufungua, kisha hulipa siku nyingine. Wanazuoni wanasema kwamba ikiwa funga inahatarisha maisha, kufungua kunakuwa wajibu. Mzee mwenye kisukari anayeficha dawa chini ya mto ili wajukuu wasijue kwamba anatakiwa kula mchana anaweza kupata sifa mtaani, lakini fikihi haimpongezi.

Siku ileile ambayo Akhwari alikuwa akiburura mguu, Kipchoge Keino wa Kenya alikimbia fainali ya mita 1,500. Alikuwa mgonjwa wa nyongo. Siku chache nyuma alikuwa ameanguka katika mita 10,000, na madaktari walimkataza kukimbia tena. Alikimbia, akamwacha Mmarekani Jim Ryun mita nyingi nyuma, kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Hapa pia semina za uongozi huishia: mgonjwa aliyeshinda. Wachache hutaja kwamba mzunguko wa kwanza uliongozwa na Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, kwa sekunde 56 hivi, kasi ya kujimaliza kwenye mwinuko kama ule. Lengo lilikuwa kumchosha Ryun, aliyesifika kwa kumalizia kwa nguvu. Jipcho alimaliza wa kumi. Miaka iliyofuata alikuja kuvunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka 1974 akatwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubebea wengine mizigo tu. Lakini siku ile ya Mexico mapafu yalikuwa yake na dhahabu ilikuwa ya mwingine.

Tangu hapo mpango wa namna hii umekuwa kazi ya wazi yenye mikataba. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana, wakijipanga mbele na nyuma yake kumkinga na upepo, wakichomoka kwa zamu kabla ya kuchoka. Shirikisho la riadha halikuuhesabu muda huo kuwa rekodi, na kupokezana huko ni miongoni mwa sababu. Hata hivyo hakuna aliyedhulumiwa: kila mmoja alijua anaingia wapi na anatoka wapi. Kipchoge mwenyewe, milionea, alikuwa na zamu yake ya kusafisha vyoo katika kambi ya Kaptagat kama mwanariadha mwingine yeyote. Kiongozi anayetafuta la kuiga kwake afadhali aanzie kwenye ndoo na brashi kuliko kwenye saa ya Vienna.

Lipo na somo la kasi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na kwa anayekimbia kwa nguvu, akiba hiyo huanza kukata karibu na kilomita ya 30. Aliyeanza kwa pupa hulipa huko, naye hulipa kwa riba. Ndiyo maana wakimbiaji wa Bonde la Ufa huanza mazoezi mepesi ya asubuhi taratibu mno, kiasi kwamba mgeni akiwaona anaweza kudhani wanasindikizana sokoni.

Kanuni ya kasi iliwahi kujaribiwa kwa taifa zima. Mwalimu Julius Nyerere alipenda kusema kwamba nchi changa lazima zikimbie wakati wenzao wanatembea, na mantiki yake haikuwa mbaya: Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wahandisi na madaktari wazalendo wa kuhesabika. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini kunakuwa lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu. Penye hiari palikuwa na malori na mipango. Pasipo na hiari nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Wapo waliohamishiwa mahali pasipo na maji, na wapo walioacha mashamba yaliyokwisha kulimwa. Ukame wa miaka hiyo ukaja juu ya hayo, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje.

Hapa ndipo jibu la Akhwari linapogeuka sumu likihamishwa bila kuangaliwa. Alipoamua kumaliza, goti lililolipa lilikuwa lake. Mkuu wa wilaya aliyeamua kumaliza kabla ya tarehe iliyowekwa hakuteguka popote. Maneno yao yangeweza kufanana neno kwa neno, ya nchi na wajibu na kutokurudi nyuma, lakini mmoja alikuwa anatoa na mwingine alikuwa anatoza. Kipimo cha Ghazali kinakata palepale: mkono unaokatwa ni wa nani?

Ni haki kuongeza kwamba Nyerere mwenyewe alikuwa na tabia ambayo wakimbiaji wazuri wanayo na watawala wengi hawana: alitazama saa. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini iliyokiri bila kuficha kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa inajitegemea, akataja makosa moja baada ya jingine. Tathmini hiyo haikumrudishia mtu nyumba yake. Lakini ukaidi anaousema Thomas wa Akwino haukai vizuri na mtu anayechapisha orodha ya aliyoshindwa.

Katika riadha, hata anayetaka kufa barabarani haachiwi aamue peke yake. Kanuni za mashindano zinasema kwamba mwanariadha akiamriwa na daktari rasmi wa mashindano aache, lazima aache papo hapo, awe wa kwanza au wa mwisho. Na wapo wanaojiamuru wenyewe. Agosti 2024, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, Kipchoge, akiwa na umri wa miaka 39 na maumivu ya mgongo, alisimama karibu na kilomita ya 30 na kuwagawia mashabiki viatu vyake. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha marathoni njiani. Aliyeutangazia ulimwengu kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka alikuwa amefika kwenye wake, na hakuonekana kuuonea aibu.

Siasa haina daktari wa pembeni mwa barabara. Kitu kinachomkaribia ni ukomo wa mihula, ambao Tanzania iliuingiza katika Katiba mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya Nyerere kumwachia Ali Hassan Mwinyi urais. Mwinyi akaondoka 1995, Benjamin Mkapa 2005, Jakaya Kikwete 2015. Mambo mengi mazuri yalibaki nusu kila mmoja alipoondoka, na kila mmoja alikuwa na watu wa kumwambia kwamba hakuna mwingine wa kuyamaliza. Uganda iliufuta ukomo huo mwaka 2005, na mwaka 2017 bunge lake likaondoa pia kikomo cha umri wa rais.

Burundi ilikuwa na rais aliyeijua michezo kuliko wote hao. Pierre Nkurunziza aliwahi kufundisha elimu ya viungo chuo kikuu. Alicheza mpira hadi akiwa ikulu, na timu yake, kwa kuwa alikuwa mlokole, iliitwa Haleluya. Mwaka 2015 alitaka muhula wa tatu. Waliomtetea walisema ule wa kwanza haukuhesabika, kwa kuwa mwaka 2005 alichaguliwa na bunge na si na wananchi, na Mahakama ya Katiba ikakubali. Wapinzani walisema mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaja mihula miwili tu. Maandamano yakaanza Bujumbura mwezi Aprili, jaribio la mapinduzi likashindwa mwezi Mei, naye akaendelea.

Kagunga ni kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, kimebanwa kati ya maji na milima. Mwezi huo wa Mei wakimbizi wa Burundi kwa makumi ya maelfu walijaa ufukweni pale, wakilala nje, wakinywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilienda na kurudi ikiwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu. Wengi wao walikuwa bado kambini wakati Nkurunziza alipofariki mwezi Juni 2020, zaidi ya miezi miwili kabla ya tarehe iliyopangwa ya kukabidhi madaraka.