Mama wa Darasa la Awali

Watoto wengi wa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, huingia darasa la awali wakiwa na Kiha tu mdomoni. Kiswahili wamekisikia gulioni, redioni na kwenye nyumba ya ibada. Mwalimu naye huenda ametokea Mbeya au Tanga. Mtoto wa miaka mitano anaomba kwenda chooni, mwalimu haelewi, na muda si mrefu mkeka umelowa, wenzake wanacheka. Akiwapo pembeni mama wa kijijini, aliyekuja kupanga vizibo vya soda na mabunzi kwenye kona ya kuhesabia, aibu hiyo haitokei. Anamshika mtoto mkono, anamtoa nje, basi.

Mama huyo halipwi. Je, anachotoa ni sadaka?

Swali hili lingekuwa jepesi kama mwanawe asingekuwamo darasani. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inataka sadaka itolewe kwa siri, na Al-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba masimango na udhia huibatilisha. Mzazi wa darasani hana pa kujificha: kijiji kizima kinajua nani alichota maji ya uji, na mmoja wa wanaonufaika anamwita mama.

Plato angemwondolea shaka kwa njia ya kikatili. Katika kitabu cha tano cha Jamhuri alitaka walinzi wa mji walee watoto kwa pamoja, mzazi asimjue wake. Aristotle akamkatalia katika Siasa: kitu cha watu wengi mno ndicho kinachotunzwa kidogo kuliko vyote. Yeyote aliyewahi kuona pampu ya kijiji ikikaa mwaka mzima bila kutengenezwa atajua Aristotle alikuwa na hoja.

Tanzania imepita katikati, pengine bila kuwawazia Wagiriki hao. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza kuanzia 2014 na kuifikia Kigoma, ulihimiza ushirikiano wa wazazi na walimu ambao leo shule nyingi huuita UWAWA. Kwa vijiji visivyokuwa na darasa la awali, mpango huo uliandaa mafunzo ya utayari wa kuanza shule, mwanzoni ya wiki 12, yakiendeshwa na wanajamii wenyewe kwa hadithi na michezo. Katika UWAWA, mzazi mwakilishi huvutwa na mwanawe, kisha hukabidhiwa watoto wa darasa zima. Upendeleo wa mama unakuwa mlango, na sioni ubaya wa mlango huo mradi asiufunge nyuma yake.

Ubaya uko kwingine. Tangu Januari 2016 michango ya lazima imefutwa katika shule za msingi za serikali, lakini mahindi na maharage ya uji bado hutoka kwa wazazi, na mara nyingi hata posho ya mwalimu wa kujitolea. Huitwa hiari. Hiari ambayo majina ya wasiotoa husomwa mkutanoni (na wapo wanaosoma kwa sauti ya juu kabisa!) ina tofauti gani na kodi? Udhia unaotajwa katika aya ile huanzia hapo hapo, na anayeudhiwa mara nyingi ni yule asiye na wa kumsaidia.

Mvua za nyanda hizi huanza Oktoba. Mjane anayepanda maharage peke yake hana Jumanne asubuhi ya kumpa mtu. Mwanawe akipewa kikombe kilichojaa sawa na cha mtoto wa mwakilishi, akakaa mbele kwa zamu kama wengine, basi mama wa darasa ametoa sadaka, hata kama alianza kwa kumfuata wake. Akisukumwa nyuma, saa zile za kujitolea zimekuwa bei ya kiti. Mkutano wa UWAWA unaweza kulishughulikia hilo bila mahubiri: zamu nyingi zipangwe miezi ya kiangazi, na za Novemba wapewe wenye duka, mafundi cherehani na babu ambao mgongo hauwaruhusu tena kushika jembe.