Je, Ni Halali Kumdanganya Mtoto Anayekwenda Kupimwa?



Asubuhi ya siku yoyote ya kazi, ukisimama kituo cha mabasi hapa Tunduma, utawaona akina mama na akina baba wenye watoto wadogo wakielekea hospitali. Wengine huishia Vwawa, wengine wameandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, mwendo wa kilomita 100 hivi. Mtoto akiuliza, "Mama, tunakwenda wapi?" hupewa majibu ya namna nyingi. Tunakwenda kwa bibi. Tunakwenda kununua soda. Tunakwenda kuona treni ya TAZARA. Ni mara chache sana ataambiwa kwamba anakwenda kutolewa damu.

Hatusemi kwamba wazazi hawa ni wabaya. Wanajua kwamba mtoto akiambiwa kweli atalia njia nzima, abiria watageuza shingo, na huenda akang'ang'ania mlango wa gari asishuke. Uongo mdogo huokoa safari. Isitoshe, wanaomdanganya ndio wampendao kuliko watu wote duniani, nao wanafanya hivyo ili apone. Basi kuna kosa gani?

Swali hili ni la zamani, na wakubwa wa Kanisa hawakulijibu kwa sauti moja. Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza kama mwaka 395 na cha pili kama mwaka 420. Katika hicho cha pili anamtaja mgonjwa aliye karibu kufa, ambaye mwanawe amefariki naye hajui, akauliza kama mwanawe yu hai. Agostino anakiri kwamba jambo hili linamchoma moyo, lakini hata hapo hakuruhusu uongo. Kunyamaza aliruhusu, kusema lisilo kweli, la. Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, Jeremy Taylor, mwanachuoni wa Kanisa letu la Anglikana aliyekuja kuwa askofu huko Ireland, alitoa hukumu nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1660. Yeye alisema kwamba ni halali kumwambia mtoto mdogo uongo, kwa sababu mtoto hana uwezo wa kupima mambo, na asiye na uwezo huo hana haki ya kudai kweli.

Taylor hakuwa mtu wa moyo mgumu. Yeye mwenyewe alizika watoto. Hata hivyo katika jambo hili twaona alikosea, nasi twasema hivyo kwa heshima. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui damu inapimwa kwa ajili gani. Hajui malaria ni nini, wala selimundu. Lakini liko jambo moja ambalo anaweza kulipima sawasawa na mtu mzima, nalo ni hili: je, aliloniambia mama ndilo lililotokea? Katika jambo hilo mtoto ni hakimu mkali, na kumbukumbu yake ni ndefu. Aliyeahidiwa bibi akakuta sindano hatajifunza lolote juu ya sindano. Atajifunza juu ya mama.

Tena tuulize, uongo ule unamsaidia nani? Unamsaidia mzazi mpaka mlangoni pa maabara. Kuanzia mlangoni na kuendelea, anayelipa ni mtoto. Na kwa watoto wengi mlango huo si wa mara moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na mtoto wa namna hiyo atatolewa damu mara nyingi katika maisha yake. Vivyo hivyo yule aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI. Hao wakidanganywa mara ya kwanza, mara ya pili watabebwa kwa nguvu, na mara ya kumi hata tukisema kweli hawatatusadiki.

Iko desturi nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo, nayo tunaisikia kila siku vibarazani: "Ukiendelea kulia nitampigia daktari simu aje akuchome sindano!" Twamfanya daktari kuwa askari na sindano kuwa fimbo, kisha siku ya homa twamshika mtoto mkono kumpeleka kwa askari huyo huyo, tukistaajabu kwa nini anapiga mayowe. Ametusadiki, basi. Anadhani anaadhibiwa, naye anatafuta kosa lake halioni.

Hapa petu tuna jambo jema ambalo wengine walilitafuta kwa shida. Huko Uingereza, hata katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wao wodini. Mwaka 1952 James Robertson alitoa filamu juu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa peke yake, na waliomwona walisikitika. Mwaka 1959 kamati ya serikali ikashauri wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote. Kwetu mama hulala kitanda kimoja na mwanawe, wala hakuna aliyefikiri vinginevyo. Lakini mama huyo ana faida gani kitandani ikiwa mtoto hawezi tena kuliamini neno lake? Dawa aliyo nayo ni hiyo tu.

Basi mtoto aambiwe nini? Agostino ametuachia nafasi: si lazima kusema yote. Majina ya magonjwa na hofu za wakubwa zinaweza kungoja. Wa miaka mitatu aambiwe asubuhi ile ile, maana akiambiwa juzi atakaa siku mbili na hofu. Wa miaka saba aambiwe jioni, apate kuuliza. Maneno yawe machache: "Watakufunga mpira mkononi, watakuchoma hapa, itauma, kisha itakwisha. Mimi nitakuwa nimekupakata." Kama ni kipimo cha malaria cha kidoleni, aambiwe ni tone moja. Kama ni picha ya kifua, aambiwe haichomi, ila atasimama bila kutikisika mbele ya mashine kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 juu ya maumivu ya chanjo, lilishauri kwamba mtoto mdogo apakatwe na mzazi, anyonyaye anyonyeshwe, na wahudumu waepuke maneno ya kumtuliza kwa uongo. Ni shauri la sindano za chanjo, lakini mkono wa mtoto haujui tofauti.

Tuangalie pia tusimwulize, "Unataka kupimwa, mwanangu?" ikiwa akijibu "Sitaki" atapimwa vile vile. Swali ambalo jibu lake halitasikilizwa ni uongo uliovaa nguo ya heshima. Aulizwe lile ambalo kweli ni lake kuchagua: mkono huu au ule, atazame au afumbe macho. Na akilia, alie. Hatukumwahidi kwamba hatalia, wala asiambiwe kwamba mtoto wa kiume halii.

Kisha huja kungoja majibu kwenye benchi, na hapo ndipo swali gumu kuliko yote huulizwa, mara nyingi mdomo ukiwa umejaa andazi: "Watanichoma tena?" Mzazi hajui. Ulimi unataka kusema hapana. Aseme, "Sijui, mwanangu, tungoje daktari atuambie." Na daktari akisema ni lazima tena, mtoto aambiwe palepale kwenye benchi, kabla jina lake halijaitwa.