Unaweza Kununua Kutojua?

Tuchukue Toyota Altezza moja, zile sedani za kispoti zilizotengenezwa kati ya 1998 na 2005, ambazo vijana wetu huzigombania zikiwa tayari zimetumika Japani. Iko Tabora mjini na inauzwa. Ikiwa imesimama kwenye sailensa inatetemeka mpaka usukani unacheza, na injini ikishapata moto taa nyekundu ya oili inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mwenye gari anaipeleka kwa fundi na kumwambia: "Fundi, hebu iweke sawa, kesho kuna mteja. Ila usinifungulie injini."

Swali langu liko kwenye hiyo sentensi ya mwisho.

Fundi makini haanzi na spana, anaanza na maswali. Mtetemo unakuja lini? Ukija gari likiwa limesimama na kupotea ukikanyaga mafuta, huenda mauntingi za injini zimechoka, au silinda moja haichomi vizuri, gari ina misi kama tunavyosema, na hapo atatazama plagi na koili. Mtetemo ukifuata mwendo wa gari hata ukiweka gia huru, basi injini inasingiziwa tu. Atatazama magurudumu na propela shafti. Lakini kukiwa na mlio wa kugonga kutoka chini ya injini, unaozidi gari linapopanda mlima, na taa ya oili nayo inachezacheza, habari ni nyingine. Atachomoa kijiti cha kupimia aone kama oili inatosha. Atatoa swichi ya oili na kufunga geji mahali pake, maana swichi nayo huweza kudanganya. Geji ikithibitisha kwamba presha iko chini, atafungua sampu. Je, chujio la pampu limeziba tope? Au oili imejaa chembe zinazometameta? Chembe hizo ni beringi za krankishafti zinazosagika. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na nafasi kwenye beringi zilizolika ni kubwa, kwa hiyo inapita tu bila kujenga presha.

Utaona kwamba kila hatua inamsogeza mtu karibu na jambo ambalo akishalijua hawezi kulirudisha. Ndiyo maana mwenye gari hataki injini ifunguliwe. Anataka kesho aweze kusema, kwa macho makavu kabisa, "Sikujua."

Je, kweli hajui? Mimi nasema anajua. Mtu asiyejua hana sababu ya kuchagua uchunguzi uishie wapi. Huwezi kuukwepa mlango kila siku bila kujua mlango uko wapi. Anachokitafuta ni kinga, na amepata jina zuri la kuiita.

Zipo njia za mjini za kuipata kinga hiyo. Moja ni kumwaga oili nzito kuliko inayotakiwa, ili presha ipande kidogo na kelele ipungue kwa siku mbili tatu. Nyingine ni kukata waya wa taa. Mnunuzi mjanja anaweza kuigundua hiyo ya pili: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu ameizima au balbu imekufa.

Wapo watakaonijibu kwamba biashara ni macho, mnunuzi aje na fundi wake. Kuna haki ndani ya hoja hiyo. Muuzaji si mlezi wa mnunuzi, na si dhambi kuuza gari bovu. Watu hununua hata mikweche kwa ajili ya spea. Lakini ukishamwambia mtu atumie macho yake, umepoteza haki ya kumfunga kitambaa usoni. Uza gari lenye ugonjwa ukitaka, ila usiliuze likiwa limezibwa mdomo.

Tabora ina historia ndefu ya kupokezana mizigo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika huko Unyanyembe. Mara nyingi wapagazi wa kutoka pwani waliishia hapo na wengine wakaajiriwa kuendelea na safari. Njia ile ilipitisha pia watumwa na pembe za ndovu, kwa hiyo siipambi. Ila mpagazi mpya aliyepewa furushi la vitambaa au shanga lililofungwa na mtu mwingine alikuwa na kipimo kimoja kisichodanganyika kirahisi: bega lake. Uzito aliujua kabla ya hatua ya kwanza. Injini haina uzito wa namna hiyo. Anayeipokea hutegemea mlio, geji, na kataa kadogo kekundu.

Wapenzi wa Shaaban Robert wanaikumbuka Kusadikika. Wajumbe wanatumwa nchi za mbali, wanarudi na habari za kuifaa nchi yao, na malipo yao ni gereza. Taa ya oili ni mjumbe wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba waliowafunga wajumbe wale waliendelea kuishi Kusadikika. Muuzaji wetu anamfunga mjumbe, kisha anahama na kumwachia mwingine nchi. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeficha yuko nyumbani amelala. Injini inakwama usiku katikati ya miombo kusini mwa Sikonge, na aliyeshika usukani ni mtu aliyeuliza akajibiwa, "Gari iko poa."

Mwisho wa njia hiyohiyo, Kigoma, kuna kisa cha kinyume. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam, kupitia Tabora, hadi Ziwa Tanganyika. Julai 1916, vita vikiwaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa mitambo ileile. Nakubali, mafundi wale walitumaini kuirudia wenyewe. Hawakuwa wakimpa adui sadaka. Hata hivyo, saa ya kupoteza umiliki haikuwa kwao saa ya kuacha kujali.

Basi fundi wa Tabora afanye nini? Ugali wake uko mkononi mwa mwenye gari, na simdai ushujaa. Namdai mambo mawili tu: asikate waya, na mnunuzi akimuuliza asidanganye. "Bosi, kufungua injini ni uamuzi wako, gari ni yako. Ila taa siigusi." Huenda akampoteza mteja, na hasara hiyo ni ya kweli.

Mwenye gari naye aseme: injini inagonga, presha iko chini, bei yake ni hii. Atapata hela pungufu. Hicho kiasi kinachopungua ndiyo bei ya ile "sikujua" yake. Siku zote yeye ndiye anayeitamka, lakini anayeilipa ni mnunuzi.