Mtetezi Akikalia Kiti cha Hakimu

Julai 1957, jijini Washington, bondia Joe Louis aliingia katika chumba cha mahakama, akamwendea mshtakiwa na kumsalimu mbele ya watu wote kama rafiki wa siku nyingi. Mshtakiwa alikuwa Jimmy Hoffa, kigogo wa Teamsters, chama cha madereva wa malori, aliyedaiwa kumhonga mtu ili ampenyezee siri za kamati ya Seneti. Kesi ilikuwa mikononi mwa raia 12, jamaa wa wazee wa baraza wa kwetu, ila huko wao ndio wanaoamua nani ana hatia na nani hana. Wanane kati yao walikuwa Weusi. Kwa Mmarekani Mweusi wa miaka ile, Joe Louis hakuwa bondia tu. Robert Kennedy, mwanasheria wa kamati, alikuwa ameshatamba kwamba Hoffa akiachiwa, yeye atajirusha kutoka juu ya kuba la jengo la Bunge. Hoffa aliachiwa. Wakili wake, Edward Bennett Williams, akatangaza yuko tayari kumpatia Kennedy parachuti.

Mzaha huo ulikuwa kati ya Wakatoliki wawili washika dini. Kennedy aliiona kazi yake kama vita dhidi ya uovu. Williams, aliyezaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1920 na kusomeshwa na Wajesuti, alihudhuria misa kila siku, kisha akatoka kanisani kwenda kuwatetea watu ambao magazeti yalikwisha kuwahukumu zamani. Alimtetea Frank Costello, mmoja wa wakubwa wa mafia ya New York. Alimtetea Seneta Joseph McCarthy, mwindaji wa wakomunisti, Seneti ilipomkaripia rasmi mwaka 1954. Tena huyo huyo Williams aliwahi kuwatetea watu wa Hollywood walioburutwa mbele ya kamati za Bunge kwa tuhuma za ukomunisti. Mwindaji na mwindwa, wote wateja wake. Mwaka 1975 alipomtetea John Connally, aliyekuwa waziri wa fedha, katika kesi ya rushwa, alimleta Billy Graham kuwa shahidi wa tabia njema. Inasimuliwa kwamba mhubiri huyo alipoulizwa kazi yake akajibu ni kuhubiri Injili ya Yesu Kristo duniani kote, mmoja wa waamuzi akaitikia: “Amina.” Connally naye aliachiwa.

Swali ambalo watu waliokaa meza moja na Williams hawakuchoka kumuuliza ni hili: mcha Mungu anawezaje kusimama upande wa mtu kama Costello, kesho yake akapiga magoti kupokea komunyo?

Vitabu vya dini si rahisi kwa mawakili. Katika Qurani, aya ya 105 ya Suratun-Nisaa inakataza waziwazi kuwatetea wahaini. Wafasiri wanaisimulia aya hiyo pamoja na kisa cha Madina: dirii iliibwa, shuku ikamwangukia mtu wa ukoo wa Ubayriq, na mzigo ukasukumiwa kwa Myahudi asiyehusika. Jamaa wa mwizi walikwenda kwa Mtume kumsemea ndugu yao, na maneno yao yalikuwa matamu. Wahyi ukamsafisha Myahudi. Iko pia hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ummu Salama, ambamo Mtume anaonya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa na ulimi mkali kuliko mwenzake, akahukumiwa kupewa haki ya nduguye. Anachopewa huyo ni kipande cha moto. Mtu angedhani hadithi hiyo imetungwa kwa ajili ya Williams, maana ulimi ndio uliokuwa mtaji wake.

Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama wakili anatenda dhambi anapotetea shauri lisilo la haki. Akajibu kwamba anatenda, tena dhambi kubwa, ikiwa anajua. Hata kisingizio ambacho mawakili hukipenda mpaka leo, kwamba tabibu naye hamuulizi mgonjwa maadili yake, yeye alikwishakipangua: tabibu anayepambana na ugonjwa usiotibika hamdhuru mtu yeyote, lakini wakili wa dhuluma anamdhuru yule aliye upande wa pili wa shauri.

Tazama vizuri, Madina na Akwino wanakutana mahali pamoja. Kinachokemewa ni ule utetezi unaomtwika mzigo mtu mwingine asiye na kosa: Myahudi wa Madina, mjane anayenyang'anywa shamba, mrithi anayepunjwa. Na hapo ndipo Williams alipokuwa na jibu la maana. Katika kesi ya jinai, upande wa pili imo serikali, yenye polisi, waendesha mashtaka, magereza na vinasa sauti. Vinasa sauti hasa. Polisi wa Washington, wakiwafuatilia watu waliodaiwa kuendesha kamari, walitoboa ukuta wa nyumba ya jirani wakapenyeza maikrofoni yenye mwiba wa karibu futi moja mpaka ukagusa bomba la kupitishia hewa ya joto. Nyumba nzima ikageuka sikio. Williams alilifikisha shauri hilo, Silverman dhidi ya Marekani, mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1961 majaji wote wakakubali kwamba polisi walikiuka katiba. Walionufaika siku ile ni wacheza kamari. Lakini ukuta uliolindwa ni wa kila mwenye nyumba, hata yule asiyeijua karata.

Hoja hii si ngeni kwetu. D.N. Pritt alipotoka London kwenda kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria, mwaka 1952, walowezi wa Kenya hawakuona wakili, waliona rafiki wa majambazi. Leo Katiba ya Tanzania na ya Kenya zote zinasema mshtakiwa asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Kanuni hiyo haina kazi yoyote kama hakuna mtu aliye tayari kusimama karibu na anayechukiwa, na kwa hilo Williams hana deni kwa yeyote. Wanaomlaumu kwa Costello wanasahau kwamba ukimwachia mchungaji au mhariri wa gazeti achague nani astahili wakili, umekwisha kuiondoa mahakama.

Lakini usafi wake ulikuwa na nguzo zilizoushikilia. Wakili anaweza kusema “mimi sihukumu” kwa sababu wapo wengine waliopewa kazi hiyo. Yuko mwendesha mashtaka wa kumpinga, hakimu wa kumzuia, wale 12 wa kuamua, na mahakama ya rufaa juu yao. Kwa muumini, juu ya hao wote yuko Mungu. Toa nguzo hizo, halafu uone kama maneno yaleyale yanasimama.

Mpira ulizitoa.

Mwaka 1965 Williams alikuwa rais wa klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Washington, mchezo ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Alikuwa na hisa chache, lakini mwenye klabu, George Preston Marshall, alikwisha kupooza, na uongozi ukawa wa Williams. Marshall si mtu wa kupitwa haraka. Timu yake ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima ya NFL kuwapokea wachezaji Weusi, mwaka 1962, na hata hapo ni baada ya serikali ya Rais Kennedy, kaka yake Robert, kumbana kwamba uwanja wa timu hiyo uko kwenye ardhi ya umma. Huo ndio urithi uliomwangukia mtetezi wa wanyonge na wababe.

Kiti cha mwenye klabu ni kiti cha hakimu asiye na rufaa. Kila Jumapili anaamua nani anafaa, na ushahidi ni ubao wa matokeo. Williams, ambaye kwa wateja wake alidai subira na shaka ya haki, kwa makocha hakuwa na subira hiyo. Otto Graham alipewa misimu 3, akaondolewa. Mwaka 1969 akamleta Vince Lombardi, Mkatoliki mwingine wa misa ya kila siku, akampa na hisa. Lombardi akaipa timu msimu wake wa kwanza wa ushindi tangu 1955, kisha saratani ikamchukua Septemba 1970. Akaja George Allen, ambaye Williams alimtania kwamba amepewa bajeti isiyo na kikomo na bado akaivuka. Allen aliifikisha timu fainali ya Super Bowl, Januari 1973, wakafungwa na Miami 14 kwa 7. Katika misimu 7 hakuwahi kumaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Naye akaondolewa.

Williams alikuwa na falsafa yake: kuishi ni kushindana, na kila juhudi huishia ama kushinda ama kushindwa. Mahakamani falsafa hiyo haikumdhuru sana, kwa kuwa ushindi wake ulipitia kwenye mizani ya watu wengine. Uwanjani ilibaki tupu. Wanaodhani Williams alipenda haki kuliko ushindi hawajamtazama akiwa kwenye jukwaa la wenye timu.

Kufukuza makocha, hata hivyo, ni desturi ya mpira, na hakuna wa kumlaani mtu kwa hilo. Mtihani wenyewe ulikuja kwa njia nyingine. Timu iliitwa Redskins, yaani Ngozi Nyekundu, jina lililowataja wenyeji asilia wa Amerika kwa rangi ya ngozi kama mifugo itajwavyo. Machi 1972 viongozi wa wenyeji hao walimwendea Williams kumtaka alibadilishe. Safari hii waliokuwa wanyonge ndio waliokuja kushtaki, na yeye ndiye aliyekuwa na uwezo.

Alifanya nini? Alifanya kama wakili. Aliwasikiliza kwa heshima. Akamwandikia kamishna wa ligi, Pete Rozelle, kumjulisha kwamba viongozi hao wanalipinga jina hilo vikali. Maneno ya wimbo wa timu yaliyowadhihaki yakarekebishwa mwaka huohuo. Jina likabaki. Ulikuwa usuluhishi wa nje ya mahakama: kila upande upewe kidogo, mteja asipoteze mali yake. Tatizo ni kwamba mteja safari hii alikuwa yeye mwenyewe, na hapakuwa na hakimu aliyebaki juu yake hapa duniani. “Sihukumu”, ambayo katika kesi ya Costello ilikuwa unyenyekevu, hapa iligeuka kuwa hukumu, tena dhidi ya wasio na kosa. Hilo hasa ndilo lililokuwa likikemewa na kisa cha Madina.

Haifai kumfanya shetani kwa ajili hiyo. Wenye timu karibu wote wa zama zake wasingejisumbua hata kuandika ile barua. Lakini mtu aliyejipima kwa kipimo cha misa ya kila siku hapimwi kwa majirani zake wa ligi, na kwa kipimo chake mwenyewe alishindwa shauri rahisi kuliko yote aliyowahi kupewa.

Mwaka 1979 alinunua klabu ya besiboli ya Baltimore Orioles, ikatwaa ubingwa 1983. Hisa zake za Washington aliziuza 1985. Agosti 1988, baada ya miaka mingi ya kupambana na saratani, alifariki akiwa na umri wa miaka 68. Jina la Redskins lilifutwa Julai 2020, wadhamini wakubwa walipotishia kuondoa fedha zao.