Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Mwenyezi Mungu, aliyeivika nchi kavu majani, hakuiacha bahari uchi. Wakaao pwani wayajua majani yaotayo katika maji mafupi. Hayo si mwani, bali mimea kamili, yenye mizizi, maua na mbegu. Nguva na kasa hula humo, tasi hujilisha humo, na samaki wengi wachanga hujificha humo hata wakue. Riziki nyingi za mvuvi zimelelewa katika malisho haya.

Lakini majani hayo hayaishi pasipo nuru ya jua. Miji mikubwa imwagapo maji machafu baharini, maji hujaa rutuba kupita kiasi, vijimea vidogo mno huzidi, bahari huingia ukungu, na majani hufa gizani. Kwa kuwa hakuna aliyeyang'oa kwa mkono wake, kila mtu hujiona hana hatia.

Tutazame ghuba ya Tampa, huko Florida katika Marekani, iliyozungukwa na miji. Mwaka 1950 palikuwa na ekari 40,000 hivi za majani hayo. Mwaka 1982 zilibaki 21,600 hivi. Wenyeji hawakuishia katika kulalamika. Sheria ziliwekwa, maji machafu yakasafishwa kwa gharama kubwa, na mwaka 2016 ekari zilipita 41,000. Hata hivyo, zilipopimwa mwaka 2022, zilikuwa zimepungua tena hata 30,000 hivi.

Hapa twajifunza mambo mawili. Toba yenye matendo huponya hata kilichodhaniwa kimekufa. Na aliyeponywa hana ruhusa ya kulala.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake *Laudato Si'* ya mwaka 2015, alitukumbusha kuwa dunia ikiharibiwa, maskini ndio waumiao zaidi. Bahari ikikosa majani, mwenye fedha atanunua samaki wa mbali. Mvuvi wa ngalawa na watoto wake watalala njaa.

Wala ndugu zetu wa bara wasiseme kwamba jambo hili ni la watu wa pwani, maana mito mingi hushuka baharini na uchafu wetu. Wenye madaraka mijini wahakikishe maji machafu yanasafishwa kabla ya kumwagwa. Wazazi wawafundishe watoto kwamba mto si jalala. Nasi sote, tuhojipo dhamiri zetu jioni, tujiulize pia: uchafu wangu umeishia kwa nani?

Mungu atujalie tuwe watunzaji waaminifu wa mali yake.